Yeslam Anakwenda Kazini

Jumatano, 5 Februari 2025
Mdogo wangu Yeslam kaletewa fimbo. Nyeupe, yakunjika mara nne! Kaileta Mwalimu Mwende, wa ule mradi wa serikali wa watu wenye ulemavu. Nikanuna. Miaka sita tangu apoteze macho, mimi ndiye nimshikaye mkono — kwani mkono wangu una kasoro gani?
Kumbe kuna ofisi ya mizigo Treasury Square inataka mpokea simu. Jumatatu, saa mbili asubuhi. Afike peke yake; asipofika, kazi anapewa mwingine. Peke yake! Kutoka huku kwetu Kuze!

Jumamosi, 8 Februari
Balaa! Kaenda dukani kwa Ghulam kununua sabuni. Hakufika. Wazee wa barazani walimwona, adhana inalia, wakamshika mkono moja kwa moja hadi msikitini. Hakuna aliyemuuliza aendako. Kasali, katoka, kaanza upya — kashikwa tena, karudishwa nyumbani. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.
Yeye hakucheka. Kasema wote hawa wanampenda, na ndio watakaomkosesha kazi. Nikaona haya. Wa kwanza kumshika ni nani?

Jumatatu, 10 Februari
Naandika kando ya barabara ya Nkrumah. Niliapa sitamfuata. Nimemfuata!
Kila baraza mkono ulinyooshwa. Kila mara kasema kwa adabu, "Ahsante ami, niwate. Naenda kazini." Wakamwata, wakamwacha apite! Mzee Ziad alibaki na mkono hewani, midomo yasema mashaallah. Miaka yote msaada ulikuja wa unga na mafuta, tukashukuru, naye akaketi ndani. Leo nimeuona mgongo wake ukienda. Kumbe ni mrefu hivi!
Barabarani kasimama. Malori, tuktuk, mikokoteni. Kasikiliza. Kasikiliza tena. Kanyoosha fimbo — magari yote yakatulia! Subhanallah. Kavuka. Nimelia mbele za watu, sijali.
Sasa mimi. Nina miaka arobaini na mitatu na sijapata kuvuka hapa peke yangu. Kwanza nilishikwa na baba, kisha na marehemu mume wangu, kisha nikamshika Yeslam — na ndiye aliyekuwa akisikiliza magari na kunambia, "Sasa, dada."
Saa mbili imeshapita. Kafika? Mlango wa ofisi uko ng'ambo. Nimetia mguu mara mbili, mara mbili nimeurudisha. Askari wa barabarani ananijia, kashanyoosha mkono anivushe. Nitamwambia kama Yeslam: "Ahsante, niwate."