Hasara Tuliyoikadiria Mang'ola

Karatu,
Jumamosi mchana

Baba yangu,

Shikamoo. Mfikishie mama naye shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua amekaa karibu yako anasubiri. Mguu wake unaendeleaje? Mvua zimefika huko Iramba? Alizeti imeota? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio umenifanya niandike badala ya kupiga simu. Mama angesikia sauti yangu tu angeanza kulia, nami nisingemaliza. Yanayofuata yasome peke yako kwanza.

Wewe ulikuwa karani wa chama cha ushirika, kwa hiyo jambo hili utalielewa kuliko wote hapo nyumbani. Zamani uliandika hasara pale mkulima aliposhindwa kulipa. Benki nazo zilifanya hivyo. Sasa viwango vipya vya uhasibu vinataka benki ikadirie hasara tangu siku inapotoa mkopo, na itenge sehemu ya faida yake kwa ajili ya hasara hiyo ambayo bado haijatokea. Dalili za hatari zikiongezeka, mkopo unasogezwa daraja la pili hata kama mkopaji hajachelewa, na fedha za kutenga zinakuwa nyingi zaidi. Akishindwa kabisa, daraja la tatu. Walipotufundisha niliona ni busara. Benki zilizokuwa zikificha madeni mabaya ziliwaumiza wengi waliokuwa wameweka akiba zao humo.

Basi mimi ndiye afisa mikopo wa Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi wanakolima vitunguu vya kumwagilia. Msimu huu nilipitisha mkopo wa kikundi cha kina mama kinachoongozwa na Mama Tluway, mjane wa Kiiraqw, mchapakazi, mwenye kicheko kinachosikika toka barabarani. Mkopo ulikuwa wa awamu mbili: ya kwanza kwa pampu na mbegu, ya pili kwa dizeli, mbolea na dawa za wadudu miche ikishahamishiwa shambani. Hawajawahi kuchelewesha rejesho hata mara moja.

Miche ilikuwa imeshika vizuri wakati bei ya vitunguu ilipoanguka na malori ya wafanyabiashara yakapungua. Mfumo wa kompyuta wa makao makuu ukasogeza mikopo yote ya vitunguu ya Mang'ola daraja la pili kwa mkupuo. Fedha zilizopaswa kutengwa zikameza faida ya tawi letu. Meneja wetu, Bwana Ramadhani, mtu mpole wa Kondoa, akaniita ofisini kwake.

"Awamu ya pili imesitishwa," akasema.

"Viwango vinasema tusiwakopeshe?"

"Havisemi hivyo. Vinasema tuonyeshe hatari tuliyo nayo. Wakubwa hawataki ionekane kubwa kwenye taarifa za mwaka, ndiyo maana wameamua tusikopeshe."

Nilikwenda Mang'ola kuwaambia mwenyewe. Niliwakuta wanapalilia, pampu inanguruma kando ya mfereji. Walipoona gari la benki walidhani nimeleta neema, mmoja akapiga vigelegele. Baba, sijui nilipata wapi nguvu ya kufungua mlango.

Nilipomaliza kueleza, Mama Tluway aliegemea jembe lake.

"Mwanangu, kuna mtu hapa ameshindwa kulipa?"

"Hakuna, mama."

"Sasa kosa letu nini?"

"Siyo kosa, mama. Ni makadirio."

"Yaani mmemchimbia mgonjwa kaburi, halafu mnamnyima dawa kwa sababu kaburi lipo."

Hakuna aliyecheka. Wakarudi kupalilia.

Niliandika maelezo kwenda makao makuu, nikaonyesha jinsi walivyolipa misimu yote. Kijana mmoja wa kitengo kinachopima hatari akanipigia simu. Alikuwa na adabu. "Dada, kweli hawajachelewa. Lakini mfumo unapima eneo zima, na wakaguzi wa hesabu wameshaupitisha. Mwakani tutautazama upya."

"Vitunguu havisubiri mwakani," nikamwambia.

Akanitakia kazi njema.

Dizeli iliisha. Kina mama wakabeba maji kwa ndoo. Mama Tluway akauza ng'ombe wake wa maziwa. Fedha ikatosha dizeli, dawa ikakosekana. Wadudu wakaingia, majani yakapauka kisha yakanyauka, na walichovuna ni vitunguu vidogo kama kokwa za embe changa. Kinachoniuma zaidi, bei ilipanda. Malori yalirudi yakapakia kwa wengine, kwao hayakukuta cha kupakia. Rejesho likashindikana. Daraja la tatu.

Nikatumwa pamoja na dalali wa mnada kuchukua pampu. Mama Tluway aliifungua mwenyewe ili mabomba yasivunjwe. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kompyuta yenu sasa imeridhika?" Nililia njia nzima mpaka Karatu, dalali akajifanya anatazama nje.

Wiki hii tulikuwa na kikao. Mgeni kutoka makao makuu akatusifu kwamba tawi letu limeelewa viwango vipya, kwa sababu hasara iliyotokea imekaribiana sana na ile iliyokadiriwa. Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikauliza, "Tuliikadiria, au tuliisababisha?"

Bwana Ramadhani akaniinamia sikioni. "Rehema, una wazazi wanaokutegemea?"

"Ndiyo."

"Basi kaa."

Nikakaa, baba.

Jumatatu natumwa Piyaya, huko Ngorongoro, kwa wafugaji tuliowakopesha. Utabiri unasema ukame unakuja, na mfumo umeshawasogeza daraja la pili. Ng'ombe wao bado wana afya, majani bado yapo. Nitasimama mbele ya wazee wa Kimaasai niwaambie fedha za chanjo na za kuchimba lambo la kunyweshea mifugo hazipo tena, kwa sababu huenda mifugo yao ikafa. Na bila lambo itakufa. Nikikataa, atatumwa mwingine, na dawa za mguu wa mama sitaweza kuzinunua. Nikienda, sijui nitarudi nikiwa mtu wa namna gani.

Msalimie kaka Daudi, mwambie pikipiki aiendeshe polepole. Shangazi Eliwaza apokee pole zangu za msiba, na mchungaji wetu jirani aniombee, hata bila kumweleza sababu. Mama mwambie nakula vizuri.

Ukinijibu, baba, niambie lolote lile, hata niache kazi nirudi nikulimie alizeti. Ila usiniambie nivumilie. Kuvumilia ndiko kulikonifikisha hapa.

Ni mimi binti yako,
Rehema