Mshipa wa Shungi

Mdogo wangu mpenzi Shungi,

Salamu zangu zikufikie hapo saluni, katikati ya kelele za draya na umbea wa wateja wako, nawe uwe mzima. Safari hii nikiuliza habari za afya siulizi kwa adabu tu. Kichwa kinaendeleaje? Dawa ya presha unameza mwenyewe, au mpaka Mama akukimbize nayo? Chumvi umepunguza? Mimi huku ni mzima wa kutosha kushika kalamu, mengine utayasoma mbele.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu yako wewe siku zote iko kwenye spika, mikono yako iko kwenye kichwa cha mtu, na saluni nzima inasikiliza na kutoa ushauri. Ukiwa nyumbani anaipokea Mama. Haya ninayotaka kukuambia si ya saluni, na kwa Mama bado hayajafika, kwa hiyo kaa mahali peke yako. Na usiruke mistari kutafuta jibu, maana nakujua.

Jibu unalolingoja ni moja: watakifungua kichwa chako au hawatakifungua? Daktari aliyekuonyesha kile kiputo kwenye mshipa wa ubongo wako alikueleza kwamba vingine hupasuka, kama kile kilichomwondoa marehemu Baba, na vingine hukaa na mwenyewe mpaka akazeeka navyo. Kufungua kichwa bila sababu nako si mchezo. Ndiyo maana akazileta picha zako kwetu maabara, kompyuta iseme ukuta wa mshipa umechoka kiasi gani. Nitakuambia ilichosema. Ila nitaanzia kwenye roho yangu, kwa kuwa imejiingiza kwenye hesabu hii bila kualikwa.

Mdogo wangu, mimi nina wivu na wewe. Sitanii. Ni kijicho hasa, na nimekaa nacho toka ulipozaliwa na nywele zile, wageni wakawa wanakuja kukushika kichwa na mimi nimesimama pembeni na kipilipili changu. Wewe ukaitwa Shungi. Mimi nikaitwa Kipilipili, na ni wewe uliyelianzisha jina hilo ulipojua tu kusema, nyumba nzima ikacheka. Mama alikuwa akikusuka mlangoni huku anasema chanda chema huvikwa pete. Mimi nilikuwa napelekwa kwa kinyozi wa Baba.

Siku ya mahafali yangu ya uhandisi unaikumbuka? Joho nimevaa mimi, watu wakapanga foleni kupiga picha na wewe. Ile iliyotundikwa sebuleni kwa Mama, wewe unaonekana mzima, na mimi limeonekana bega. Kila nikija kula nalitazama bega langu. Nilipopata kazi hapa hospitali, Mama aliwaambia majirani kwamba mkubwa wake anachezea kompyuta. Hakuwahi kuuliza ninachezea nini. Nami kwa kiburi changu sikumwambia kwamba ninakiwinda kitu kilichomuua mume wake.

Halafu ukaanza kuumwa kichwa wewe, wakakukuta na kiputo. He! Mama kwa muda mfupi amekuwa profesa. Ananipigia asubuhi, mchana na jioni, anataka kujua ukuta una unene gani na damu inapita kwa nguvu gani, na Shungi wake anaonekanaje kwenye kompyuta. Mimi nilipovunjika mkono alinitumia salamu kwa mtu. Basi nikajikuta naona wivu hata na ugonjwa wako. Cheka ukitaka, mwenyewe nimeshajicheka.

Na hapa maabara nako hukuniacha. Picha yako ilipofunguliwa, wenzangu wote walisogeza viti. Sisi tunaona viputo vingi, vingine vimekaa ovyo kama viazi vilivyochipua. Chako ni cha mviringo, kina shingo nzuri, kimekaa pale mshipa unapogawanyika kana kwamba kimepangwa. Mkuu wetu akasema picha hiyo atakuwa akiwaonyesha wanafunzi. Nikajisemea, loo, hata ndani ya fuvu ameumbwa vizuri kunishinda!

Kazi yetu ni hivi. Tunachukua picha za skani, tunaujenga mshipa ndani ya kompyuta, tunaugawa ukuta wake kuwa vipembetatu vidogo sana, maelfu kwa maelfu. Kisha tunausukumia damu kwa presha ya mwenye kichwa na kuangalia ni wapi unavutika. Pasipovutika sana panakuwa bluu, panapovutika kupita kiasi panakuwa pekundu. Kanuni yetu ni kwamba mtu hampimi ndugu yake peke yake. Daktari alitaka kazi yako ifanywe na Kobe, mwenzangu wa meza ya pili, tuliyemwita hivyo kwa sababu hata chai yake hainywi mpaka ipoe. Mimi nikang'ang'ania. Nikasema nitafanya mimi, Kobe atakagua. Sikumwambia mtu kwamba sikutaka mwingine ndiye apeleke jibu kwa Mama.

Nikaifanya mbio mbio, simu ya Mama ikilia pembeni. Ikatoka nyekundu, kiputo kizima.

Hapa, Shungi, nivumilie. Nilishika meza kwa hofu. Lakini chini ya hofu ile palikuwa na furaha. Si ya wewe kufa, Mungu apishe mbali. Nilifurahi kwamba watazinyoa nywele zile, na kwamba Mama atakuja kukaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwangu, anibembeleze nimwokolee mtoto wake. Ilipita upesi, lakini ilikuwepo, niliisikia. Nikaandika ripoti kwamba ufunguliwe bila kuchelewa.

Ripoti ikaenda kwa Kobe, Kobe akaikalia. Mimi nasonya, yeye anakoroga chai. Mwishoni akaja na kikombe chake, akaniuliza kwa upole kama mshipa niliutoa upepo kwanza. Masikio yakaniwaka moto.

Nikueleze, maana ni kosa letu sisi watu wa kazi hii. Mshipa unapopigwa picha tayari una damu ndani, tayari umevutika. Ni kama mpira: ukiupiga picha umejaa upepo, halafu kwenye kompyuta ukaujaza tena juu ya upepo ule ule, lazima utaonekana unataka kupasuka, na mpira wenyewe hauna kosa. Inabidi kwanza kuurudisha ulivyokuwa mtupu, ndipo uujaze mara moja. Wenyewe tunaita kutoa upepo. Kila anayeingia maabara hii mimi ndiye ninayemfundisha jambo hilo, tena kwa makelele. Kwenye mshipa wako nikalisahau. Kobe alisema tu kwamba haraka haraka haina baraka, akarudi kwenye chai yake. Bora angenitukana.

Nikautoa upepo, nikaujaza upya. Wekundu ukaondoka. Likabaki doa la rangi ya chungwa ubavuni, kwingine kote bluu. Kobe akarudia kwa mkono wake, ikatoka vilevile. Daktari naye, maana kompyuta haijui yote, akatazama ukubwa wa kiputo, mahali kilipokaa na umri wako, akasema hufunguliwi. Utameza dawa, utapigwa picha kila mwaka, na ukiumwa kichwa cha ghafla kisicho cha kawaida, unakimbia hospitali hata kama umemwacha mtu kichwa kimesukwa nusu. Basi pumua, mdogo wangu. Nywele zako zimebaki kuwa zako.

Najua sasa unataka kuikunja barua ukamwambie Mama. Ngoja kwanza.

Siku alipozichukua picha zako, Daktari alisema Baba alikuwa nacho, wewe unacho, kwa hiyo na mimi nipigwe picha. Nikamjibu kwamba sina hata mafua. Kisha nikaenda. Unajua kwa nini nilienda? Wewe Mama alikusindikiza mpaka mlango wa chumba cha skani, akakushikia mkoba, akasali kwa sauti. Nikaona na mimi niende, japo peke yangu, japo mkoba wangu niuweke sakafuni. Nikalala kwenye mashine ile inayogonga, nikatoka, nikaendelea na shughuli zangu. Haki ya Mungu nilisahau.

Sasa, picha zinazoletwa maabara hazina majina, zina namba tu. Yako niliijua kwa sababu niliambiwa. Juzi lilikuja fungu jipya nikaanza kazi, na kwa kuwa nimeshaumbuka, nilikuwa natoa upepo taratibu kuliko Kobe mwenyewe. Kiputo kimoja kikanishika macho. Kikubwa kuliko chako, kimepinda, na ubavuni kimeota kichunusi. Nikafurahi, Shungi, sikufichi. Nikamwita Kobe aje aone kitu cha maana, nikamwambia kiputo hiki kinamwacha Shungi mbali sana. Nikasukuma damu. Kwenye kile kichunusi pakaiva wekundu kama pilipili. Kobe akarudia, nyekundu. Nikasema kwa sauti maabara nzima isikie kwamba mwenye mali hii asingojeshwe, aitwe alazwe, na akileta woga wamfunge kamba. Watu wakacheka. Nikatia sahihi kwa mbwembwe.

Mchana Daktari akaniita chumbani kwake, akafunga mlango. Ripoti alikuwa nayo mkononi. Akaniuliza kama nina hakika kwamba safari hii upepo niliutoa. Nikamjibu kwa jeuri kwamba naweza kuapa. Akavua miwani, akaniambia kwamba namba ile ni yangu mimi.

Mkuki kwa nguruwe, mdogo wangu. Nilimwomba akague tena namba, akakagua. Nikamwambia basi Kobe arudie, akanikumbusha kwamba Kobe amesharudia. Nilitafuta kosa, nikalitamani kosa, mimi niliyekosea kwako, na kwangu sikulipata. Hesabu yangu mwenyewe imekaa sawa kabisa.

Maisha yangu yote nimetamani ulichonacho. Nilizitamani nywele, nikatamani picha ya sebuleni, nikatamani mpaka ugonjwa ili nipigiwe simu. Haya, nimepata, tena nimekushinda. Ninaogopa, Shungi. Mwandiko huu unaouona umenyooka nimeunakili mara ya pili, wa kwanza ulikuwa haufai kusomwa na mtu.

Nitafunguliwa Jumanne. Mama usimwambie, nitakuja Jumapili nimwambie mwenyewe, kwa sababu nataka niuone uso wake akisikia. Ndiyo, hata sasa. Hata sasa nataka kujua kama atanililia kama alivyokulilia wewe. Nimekuambia nina wivu, hukuniamini.

Sasa nakuja kwenye ombi langu. Umeniomba toka ulipofungua saluni nije nikae kwenye kiti chako unisuke, bure, na kila siku nakujibu sina muda. Muda nilikuwa nao. Nilikuwa napita nje ya saluni yako nakuona unavyowasuka watu usiowajua, unawachekesha, wamekulalia mapajani, nikaenda zangu. Sikutaka vidole vyako vijue jinsi zangu zilivyo chache. Sikutaka unihurumie, wewe hasa.

Daktari anasema atanyoa ukanda mmoja tu, juu ya sikio la kushoto. Njoo Jumatatu. Funga saluni, waache wateja wanune. Njoo na chanuo lako na yale mafuta yanayonukia. Nitakaa sakafuni kwangu, wewe ukae kwenye kochi, kama Mama alivyokuwa akikuweka wewe. Umwachie Daktari ukanda wake, hizo nyingine uzielekeze upande ule ili zije kuufunika mshono. Najua ni kipilipili, najua utahangaika. Nisuke hivyo hivyo. Na taratibu, mdogo wangu, usivute sana.

Wasalimie wateja wako wambea, uwaambie barua ilikuwa ya habari njema, kwa kuwa yako ni njema. Mwambie Mama nitakula huko Jumapili, asijisumbue kupika sana. Dawa umeze. Mungu akuweke, na mimi aniweke nawe.

Ni mimi dada yako akupendaye na akuoneaye wivu,

Kipilipili