Njiwa Kumi na Mmoja Hawajarudi

Kakontwe, Likasi
Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025

Mpendwa Yaya Marlène,

Pokea salamu za mdogo wako Hervé, sekretari wa wafuga njiwa wa Likasi nzima, na mwenye sura nzuri kuliko wote katika komite. Habari ya Matadi? Bado unapanda na kushuka vile vilima mpaka magoti yanakulilia? Kifua chako kimepona? Na shemeji, ameshajua kula bukari kwa mkono kama mtu, au bado anatafuta uma?

Sisi huku tu wazima. Mama mgongo unamsumbua kidogo, lakini kila asubuhi anakwenda kuuza maharagwe Kamatanda, na akirudi nguvu ya kunigombeza anayo. Papa yuko zamu ya mchana. Tunapishana mlangoni, yeye anatoka, mimi naingia, basi. Wale njiwa wako wanne uliowaacha wamekuwa kumi na tisa. Usiulize nani aliyewazidisha. Unaandikiwa na fundi mwenyewe.

Najua unashangaa kupata karatasi badala ya sauti yangu. Telefone nimeizima siku ya sita leo, nimeizika ndani ya gunia la mahindi ya njiwa. Kila nikiiwasha inanitukana. Barua hii ataileta Mama Carmel wa nyumba ya pili, anakuja huko kumwona binti yake aliyejifungua. Anaondoka Jumamosi. Mpe maji ya baridi, na usimwulize habari zangu, maana atakupa zote.

Yaya, mkutano wetu wa mwaka tuliufanya tarehe 30 Agosti. Ule uliouanzisha weye na watu watatu chini ya dirisha letu, mwaka huu watu wamefika zaidi ya sitini! Wametoka Kikula, Kambove, hata Lubumbashi, na vikapu vyao. Mahali nilipachagua mimi: uwanja wa mpira wa hapa Kakontwe. Glodie, prezidenti wetu, alitaka ukumbi wa parokia Kikula. Nikamwambia, dada, cherehani yako inakuzoesha kukaa ndani. Njiwa ni mtu wa mbingu. Magloire akaniunga mkono, si unajua, rafiki yangu huyo naye alikuwa anaunga mkono chochote nikisema kwa sauti kubwa.

Asubuhi ilikwenda vizuri sana. Watu walionyeshana dawa za minyoo, walibadilishana mayai, walibishana juu ya mtama na mahindi mpaka jasho. Halafu saa sita kamili, mchezo wenyewe, ule ule wako: kila mtu anafungua kikapu, njiwa wote wanapanda pamoja, kila mwenyewe anapiga mluzi wake, na njiwa wa kwanza kutua juu ya kikapu chake ndiye bingwa. Saa sita niliiandika mimi kwenye programu. Nilitumia hata rula.

Sasa niambie weye uliyezaliwa hapa: saa sita ya Jumamosi, karieri ya mawe hapa jirani inafanya nini?

Inapasua mawe, yaya. Inapiga sirene ya kuonya, halafu baruti. Mimi nimeyasikia hayo tangu niko tumboni mwa Mama, ndiyo maana siyasikii tena. Nilikuwa juu ya meza natoa hotuba. Sirene ikalia, nami nikaongeza tu sauti, bila hata kukata sentensi. Wageni wakadhani sirene ni sehemu ya sherehe, wakapiga makofi. Nikaona watu wanapiga makofi, nikapanda moto zaidi. Nikasema, "Fungueni!"

Njiwa sabini na kitu wakapanda. Wakafika juu ya miti ya jakaranda. Halafu dunia ikapasuka.

Vumbi jeupe lilipotulia, mbinguni hapakuwa na kitu. Isipokuwa njiwa wetu wa Kakontwe, ambao hawakujisumbua hata kutikisa mkia. Walizunguka mara mbili, wakashuka kwenye vikapu vyao kama watu wanaotoka misa. Wa kwanza alikuwa wangu. Wa pili wa jirani yetu. Wa tatu, wangu tena.

Na mimi nikaichukua zawadi, yaya. Hapo ndipo penyewe. Beseni jipya la bati ambalo niliandika BINGWA kwa rangi nyekundu kwa mkono wangu mwenyewe, nilipewa mimi, nikaliweka kichwani, nikacheza. Watu walikuwa wanapiga miluzi kila upande, wanaita, wengine karibu walie, na mimi nacheza.

Njiwa wengi walirudi makwao kesho yake. Kumi na mmoja hawajarudi mpaka leo. Mmoja wao ni Dimanshi, wa Papa Eugène wa Kikula. Ndiyo, yule mzee wako aliyekupa jozi yako ya kwanza. Tangu mke wake afariki ana njiwa mmoja tu, huyo huyo, jike la kijivu lenye pete ya buluu mguuni.

Basi jioni ile ya mkutano gurupe ya WhatsApp ikawaka. Kwamba uwanja ulichaguliwa ili watu wa Kakontwe washinde. Kwamba maharagwe tuliyowapikia yalikuwa mabichi. Kwamba komite inakula. Inakula nini, yaya? Tunafanya bure! Magloire alibeba mabenchi ya kanisa kichwani tangu alfajiri, Glodie alifunga cherehani siku tatu. Mtu mmoja wa Lubumbashi aliandika kwamba hotuba ilikuwa ndefu. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi, nakuambia ukweli.

Glodie akatukumbusha kanuni yako. Unaikumbuka: mtu akitulaumu, hatumjibu siku hiyo, tunaandika maneno yake kwenye daftari kama alivyoyasema, tunakwenda kubadilisha maji ya njiwa, na kesho yake tunajibu kwa mdomo mmoja. Alisema, "Hervé, nakuomba, kidole chako kilale." Nikasema sawa.

Kidole hakikulala. Papa Eugène alikuwa ameandika mstari mmoja tu, hata matusi hakuna: "Njiwa yangu haiyarudia bado." Na mimi, mbele ya watu wote, nikamjibu: "Papa, njiwa anayekimbia mlio si njiwa, ni kuku. Akirudi mchemshe na sombe."

Watu wawili waliweka vicheko. Halafu ikatokea pale chini, kwa herufi ndogo, kwamba Papa Eugène ametoka kwenye gurupe. Nyuma yake wakatoka watu wa Kambove, wakatoka wa Lubumbashi, mmoja mmoja, kama watu wanaoacha matanga. Kesho yake Glodie alinirudishia mhuri na daftari la malalamiko, akasema, "Baki na mkutano wako." Magloire hakuja hata kuniambia kwamba ameacha. Nikimkuta barabarani anakuwa na haraka, yeye ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwa na haraka.

Kwa hiyo sasa komite ni mimi. Mimi ndiye prezidenti, sekretari na mbeba mabenchi. Jana Jumapili ilikuwa siku ya kikao. Niliosha vikombe vinne, vyetu watatu na kimoja cha mgeni, nikatengeneza munkoyo, nikakaa uani mpaka jua likaondoka ukutani. Hakuja mtu. Nilikunywa vikombe viwili, viwili vingine nikawamwagia njiwa. Ningekuwa na weye hapa ungenicheka vizuri, na baada ya kunicheka ungekaa.

Sasa ombi langu. Weye una mwandiko wa sista na maneno laini, mimi shule niliiacha mwaka wa tatu, unajua. Mwandikie Papa Eugène barua ya kuomba msamaha kwa jina langu. Weka na Kifaransa kidogo. Uitume haraka, mimi nitampelekea na kusema ni yangu. Mzee huyo asiporudi, hakuna atakayerudi, na mkutano wako utakuwa umefia mikononi mwangu.

Ijumaa, tarehe 12

Yaya, acha lile ombi. Nimekwenda mwenyewe.

Jumanne nililiweka beseni la BINGWA kwenye baiskeli, na daftari, nikaenda Kikula. Njiani nilipanga hotuba nzuri sana, ungelia. Nilimkuta mzee amekaa kwenye kiti uani, kikapu kitupu miguuni, mlango wake wazi. Hotuba yote ikakimbia. Nikasema tu, "Papa, jambo. Ni Hervé."

"Ninaona," akasema. "Ile ya kuku."

Nikamwambia nimekuja kuandika lalamiko lake kwenye daftari, ndiyo kanuni. Nilidhani atasema juu ya Dimanshi, au juu ya ule utani wangu. Akasema jingine, nami nikaandika kama alivyosema, na hapa nakunakilia:

"Minye nilitumika karieri miaka makumi mbili na tatu. Sirene nilisikia. Nikasimama, nikakuinulia mukono, kusema usifungule. Ukaniangalia. Ukanipungia."

Ni kweli, yaya. Nakumbuka. Nilimwona mzee amesimama katikati ya watu, mkono juu, nikafikiri ananishangilia. Nikampungia kama gavana anayepita.

Nilimaliza kuandika. Nikamsomea mstari wake kwa sauti, nikamwuliza kama ndivyo. Akasema ndivyo. Nikasema, "Nisamehe, Papa." Aliangalia beseni, akafinya macho, akauliza lile neno jekundu linasema nini. Nikamwambia. Akasema, "Jaza maji."

Nikajaza maji, nikaliweka juu ya paa la kibanda, mahali pa Dimanshi kuoga akifika. Nikashika baiskeli yangu niende. Ndipo aliposema, bila kunigeukia:

"Unaenda wapi? Ikala hapa chini. Angalia kule ya Kamatanda, minye macho imechoka. Na mluzi utapiga weye, meno yangu imeisha."

Mluzi wake si kama wetu. Ni miwili mirefu na mmoja mfupi unaopanda mwishoni. Siku ya kwanza aliniambia napiga kama bata mwenye mafua. Jumatano aliniambia kama bata mzima. Jana aliitikia kwa kichwa tu, na mimi nikajisikia mkubwa kuliko siku ya beseni.

Dimanshi hajarudi. Nisikudanganye, siku kumi na tatu ni nyingi, na mwewe wapo. Mzee anajua. Lakini saa kumi ikifika anavaa kofia, nami nafika, tunakaa, napiga mluzi, tunaangalia juu. Leo alinipa nusu ya muhogo wake.

Glodie alipita jana kupeleka suruali ya mtu, akatuona kutoka barabarani. Hakuingia, ila alisimama kidogo. Kesho nitampelekea daftari alisome. Nimeandika na kosa langu ndani, ukurasa ule ule wa mzee, chini yake. Telefone bado iko kwenye gunia.

Nisalimie shemeji na mashavu yake. Nisalimie Arielle, mwambie mjomba wake anamchagulia kinda, amletee jina tu. Mama anasema uvae sweta. Papa alikuja kusimama nyuma yangu nikiandika, akauliza kama jina lako nimeliandika vizuri. Mungu wa Mama na Papa akulinde kwenye vilima vyako, akufungulie njia za kwenda na, asisahau, za kurudi.

Jambo moja la mwisho, usinicheke. Najua Matadi ni mbali mno, hata ndege yenye injini inachoka. Lakini ukimwona jike la kijivu, pete ya buluu, usimfukuze, mpe maji. Sisi tunaangalia saa kumi. Huko kwenu saa iko nyuma kwa moja, kwa hiyo weye toka nje saa tisa, inua macho kidogo, tuwe tunaangalia pamoja.

Mdogo wako asiyekuwa na yaya mwingine,

Hervé