Nani Kati Yao Alitaka Kurudishwa Nyumbani?

Mama Falone wa redioni, nimeficha jambo kwa miaka tisa na madaktari wamenipa wiki chache, kwa hiyo nisaidie upesi: sijui kati ya Ephraim na Kipchumba ni yupi aliyeniambia anataka kuzikwa Kenya.

Walikuwa rafiki zangu, wakafa mwezi mmoja hapa Sydney, wodi moja, saratani ileile, na mimi mstaafu ndiye niliyekaa nao wakati wengine wako kazini, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kiti kilekile cha plastiki, chai ileile ya hospitali, na kila mmoja akanishika mkono akaniambia anapotaka kulazwa, mmoja nyumbani, mwingine hapahapa karibu na wajukuu, kisha jamaa wakakusanyika Merrylands wakanigeukia, "Mwalimu, sema wewe," nami nikasema Kipchumba apelekwe Kenya, na Ephraim akazikwa hapa Sydney, makaburi ya Lidcombe.

Tangu hapo watu wanamtafuna Mutanu, mjane wa Ephraim, ambaye siku zile alikuwa zamu ghalani Wetherill Park. Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, mama mmoja alimwambia, "Wewe mume wako ulimwacha ugenini kama mzigo usio na mwenyewe." Mutanu akanitazama: "Mwalimu, si alisema mwenyewe?" Nikaitikia kwa kichwa.

Mjukuu wangu Jerotich, muuguzi, nilipomwambia kuna jambo nimelisahau, alicheka: "Babu, ni uzee tu." Uzee! Nimefundisha saikolojia chuo cha ualimu miaka thelathini. Kumbukumbu mbili zinazofanana hugombania nafasi moja. Ya pili huifunika ya kwanza, na ya kwanza huivuruga ya pili. Akili yangu haijachakaa, ilipewa siku mbili zisizo na alama ya kuzitenganisha! Kwa nini nibebe lawama? Nimwambie Mutanu, au nife nayo?

Mwalimu, Merrylands

Mwalimu, pole kwa ugonjwa, na somo lako nalikubali. Nimelea watoto wanne na sikumbuki yupi alianza kutembea lini. Kuchanganya si dhambi, na Jerotich amekuonea.

Lakini acha kunipigia kelele za ubongo! Ubongo haukusimama mbele ya jamaa Merrylands, ulisimama wewe. Jumapili mwanamke wa watu anatukanwa, kichwa kilichoitikia ni chako. Na kuna swali umeliruka, wewe msomi: ulipoulizwa siku ile, ulikuwa bado unakumbuka, au ulikuwa umeshachanganya? Kama ulikuwa umeshachanganya, ulichaguaje?

Mwite Mutanu leo. Usimsomeshe saikolojia, mjibu swali hilo. Kisha Jerotich aandike maneno yako, utie sahihi, yasomwe kanisani ungali hai, watu wakuulize wewe, wasimuulize mjane.

Mama Falone

Mama Falone, Mutanu alikuja jana. Nilimwekea kiti, hakukaa. Nikaanza na habari za kumbukumbu zinazofanana, akanikatiza: "Mwalimu, mimi si darasa lako."

Basi nikamwambia, na wewe uyasome redioni kama yalivyo. Siku ile Merrylands nilikuwa nimeshasahau. Kipchumba alikuwa na kaka watano, wote wamesimama wakitaka apelekwe kwao. Nilisema Ephraim ndiye abaki kwa sababu mjane wake hakuwa na mtu wa kunibishia.