Mtangazaji wa Jumamosi

Thuraya mjukuu wangu,

Assalaam alaykum, na baridi ya Ujerumani ikuonee huruma. Sisi hapa Ghubra, Maskati, wazima. Bibi yako kila akipika mkate wa kumimina hukutaja, kisha mkate ukiungua hukulaumu wewe.

Umeniuliza nilistahamili vipi huko miaka ya sitini, maana wewe jirani zako hawakusalimii. Ya vipi nilitoka Unguja nikafika huko Ujerumani tuyaache. Nilipanga chumba kwa mjane wa Kijerumani, na kila Jumamosi jioni akiniita sebuleni tutazame kipindi cha michezo, kile kile unachoniambia kipo mpaka leo. Mtangazaji, bwana mwenye tai nyembamba, huanza kwa kututakia jioni njema. Siku ya kwanza nikamwitikia kwa sauti. Mtu akikusalimu utanyamazaje?

Mjane akacheka mpaka machozi. "Hakusikii yule!"

"Nnajua," nikamwambia. "Lakini wiki nzima hii, hakuna mwengine aliyenisalimu."

Akaacha kucheka. Jumamosi ya pili mtangazaji aliposalimu, mjane akaitika kabla yangu, kisha akanigeukia: "Na wewe, jioni njema." Ikawa ndiyo ada yetu mpaka nikaondoka. Mabao yote nimeyasahau.

Hapa Maskati watangazaji wakisalimu mimi bado nawaitikia, na wajukuu wenzako hunicheka. Hawajui kwamba nikishaitika hutulia kidogo, nangojea sauti ya pili.

Babu yako