Wimbo Wangu Uko Nyuma ya Kanda ya Kwaya

Ifakara, 12 Agosti 1996

Mama Kandida wa ukurasa wa nane, shikamoo. Naomba msaada, na naomba uniwie radhi kwa mwandiko huu, maana furaha na woga vimechanganyika hata sijui nianze na kipi.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, napiga kinanda cha umeme katika kwaya ya parokia, kazi niliyofundishwa na mwalimu wetu wa kwaya ambaye nitamwita Mwalimu Telesphory ingawa si jina lake, na nilikuwa napiga vizuri tu bila makuu mpaka mwaka juzi, pale dada mmoja Mzungu aliyekuja huku kuchunguza mbu alipofunga mizigo kurudi kwao akaniachia boksi la viatu lenye kanda ishirini na tatu, akasema, "Wewe unapenda vinanda, hizi zitakufaa." Nikadhani ni muziki wa Kizungu wa kawaida, ule wa redioni. Wee! Nilipoweka ya kwanza nilikaa chini.

Mama, hakuna gitaa mle, hakuna tarumbeta, hakuna mpiga ngoma, ni vinanda vitupu! Besi inakuja mbio, du-du-du-du, haichoki, halafu kinanda kingine kinaingia juu, chembamba, kinapanda na kushuka, halafu dada anaanza kuimba kwa sauti ya mtu aliyemaliza kulia sasa hivi na ameamua kucheza, na wewe unajikuta umesimama na ungo mkononi mchele umemwagika. Na wenyewe wala si watu wa kampuni kubwa, wako wawili wawili, mmoja anaimba mwingine anabonyeza, wanajirekodia chumbani kwao, wanaandika lebo kwa kalamu, picha za kasha wanatoa kopi. Ipo moja imeandikwa namba kwa mkono, yangu ni ya sabini na mbili kati ya mia moja. Fikiria, mama, dunia nzima watu mia tu wana kanda ile na mmoja wao yuko Ifakara anapepeta mchele! Maneno siyaelewi hata nusu, lakini nazijua kanda zote mpaka pale zinapokwaruza.

Sasa sikia. Mwezi wa nne nilikwenda kijijini Mbingu kumsaidia bibi yangu kuamia ndege shambani, na wewe kama hujawahi kulima mpunga nikueleze kwamba unakaa juu ya dungu, kile kichanja cha nguzo, kutwa nzima unapiga debe na kupiga kelele, la sivyo kweleakwelea wanakula kila kitu unarudi nyumbani na majani. Nikachukua redio kaseti ili kelele zisaidie. Siku ya kwanza bibi akauliza, "Hao wanaoimba hivyo, wamekosa shamba?" Siku ya pili akaisogeza redio karibu yake. Siku ya tatu, mama Kandida, debe la bibi likaanguka palepale linapoanguka pigo la kwenye kanda, pa! na pa! tena, na ule ukelele wake wa "Haaa-hoo! Haaa-hoo!" ukaingia katikati ya kinanda kama uliandikiwa humo. Tulicheza juu ya dungu mimi na bibi mpaka nguzo zikalia, na kweleakwelea wakala kona nzima ya shamba, na bibi akasema kona ile hata hivyo ilikuwa na mpunga mbaya.

Nikamrekodi bibi kwenye kanda moja chakavu, debe na kelele zake, nikarudi mjini. Na kwa wazimu ule ule nikawaandikia wale wa kanda namba sabini na mbili, maana anwani yao ipo kwenye kasha, nikawaambia kwa Kiingereza changu cha kubahatisha kwamba wana wasikilizaji mia na mimi ni mmoja wao. Wakajibu! Nilipiga yowe pale posta mpaka karani akaniuliza nani amefariki. Wanasema wanakusanya nyimbo za wasikilizaji wao wa mbali wazitoe kwenye kanda moja, nami nitume wimbo wangu, uwe umewafikia kabla ya mwisho wa Oktoba. Wimbo wangu! Mimi!

Hapo ndipo nilipokosea. Kinanda ni cha kwaya, kilinunuliwa kwa mpunga wa jumuiya zote, kila nyumba ilitoa debe moja, na Mwalimu Telesphory ameshasema mara mia kwamba kitapigwa kwa kazi ya kwaya tu. Mimi nikamwambia Teofili, mtunza sakristia, kwamba nataka kufanya mazoezi ya Jumapili, akanipa ufunguo bila hata kuniuliza, nikaingia mchana watu wakiwa shambani na redio mbili, moja inapiga debe la bibi, nyingine inarekodi, na mimi katikati nabonyeza. Kanda tupu sikuwa nayo, na zile za kwenye boksi siwezi kuzifuta hata kwa mtutu wa bunduki, basi nikachukua kanda ya kwaya yetu nikarekodi upande B, ambao haukuwa na kitu na hakuna aliyewahi kuugeuza tangu tuanze. Nilipanga nikaunakili kwenye kibanda cha wanakili kanda kesho yake halafu nifute. Kesho yake Mwalimu akawa ameshaondoka na kanda kwenda Malinyi kwenye misa ya mavuno. Na ile kanda ya bibi, ukiuliza, redio ya mjomba imeitafuna yote utepe nje kama matumbo ya samaki.

Kule Malinyi walikuwa na redio kubwa, ile inayogeuza kanda yenyewe. Nimesimuliwa na watu watatu na wote wanacheka. Kwaya ilipomaliza upande wa kwanza, watu wakiwa kwenye pilau nje ya kanisa, redio ikafanya klaka, na bibi yangu akalia "Haaa-hoo!" katikati ya Malinyi. Akina mama wakaacha sahani. Wazee wakasimama. Wasukuma waliokuwa wamepita na ng'ombe zao wakaingia wakicheza na fimbo begani, ng'ombe wakaachiwa mbwa. Wakaurudisha wimbo mara nne! Na hakuna anayejua ni wa nani, wengine wanasema umetoka Ulaya, wengine wanasema yule mama anayelia lazima ni Mndamba wa huku kwetu bondeni.

Mwalimu aliporudi mwanzoni mwa Julai alituita kwaya nzima akasema kuna mtu amechezea kanda, na kwa kuwa utaratibu wetu ni kanda ijae pande zote mbili ndipo inunuliwe nyingine, Jumamosi ya mwisho ya Septemba tutarekodi nyimbo za sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia juu ya upande B. Kisha akanigeukia, akatazama vidole vyangu kidogo, akasema, "Binti, huyo mpigaji anachelewa kidogo anapohamia sauti ya juu. Kama wewe ulivyokuwa." Nikasema ndiyo Mwalimu, nikatoka mbio.

Siwezi kuurekodi upya. Mpunga umeshavunwa, na bibi nilipombembeleza alinijibu, "Nipige debe mbele ya mabua? Unataka waseme nimerukwa na akili?" Kwa hiyo wimbo uko mmoja tu duniani, namba moja kati ya moja, umefungiwa kabatini na utafutwa. Nikikiri, nitanyang'anywa kinanda, na bila kinanda, mama, sijui nitakuwa nani. Nikinyamaza, wimbo unakufa. Njia ya tatu ni kumdanganya Teofili tena, nichukue ufunguo, nivunje kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kanda, maana kikivunjika upande ule haurekodiki tena. Nifanye ipi? Jina langu usilitaje, nakuomba sana, kwa sababu Mwalimu husoma ukurasa wako kila gazeti linapofika hapa siku ya Jumanne, huanza na wewe kabla hata ya siasa.

Ni mimi,
Mbonyezaji

JIBU LA MAMA KANDIDA

Mbonyezaji mwanangu, marahaba. Barua yako imefika na punje mbili za mchele ndani ya bahasha. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nagonga meza kwa kalamu, du-du-du-du, mpaka mhariri akachungulia kuuliza kama niko salama. Hongera! Hapa mezani napokea waume wakorofi na mawifi wachokozi wiki hadi wiki, halafu leo napata ng'ombe walioachiwa mbwa. Umenipa afya.

Sasa kaa vizuri nikuseme. Ulimdanganya Teofili, mtu aliyekupa ufunguo bila kukuuliza kwa sababu anakuamini. Kinanda kile kimetoka kwenye madebe ya watu waliolima kwa mgongo, na wewe ukaingia nacho kwa kunyata kana kwamba ni chako peke yako. Mngeomba, wewe na bibi yako, mngepewa. Hukuomba kwa sababu uliona haya kusema kwa sauti kwamba unaupenda muziki wenye wasikilizaji mia moja. Haya ya nini? Umependa kitu kizuri, kipende hadharani.

Kuhusu kipande cha plastiki, acha mara moja. Usiazime ufunguo, usivunje chochote. Utakuwa umeokoa wimbo na kumwibia mwalimu wako, na kila utakapousikia utasikia na ule mlio wa plastiki ukikatika.

Halafu nikuulize, wewe mwenye masikio ya kujua kanda inakwaruza wapi, mbona kwa binadamu ni kiziwi? Mwalimu amekufundisha vidole vile tangu hujui kukaa kwenye kiti. Amesikia wimbo mara nne mfululizo pale Malinyi. Kisha amekuja akasimama mbele yako wewe, kati ya kwaya nzima, akakwambia mpigaji anachelewa kuhamia sauti ya juu "kama wewe ulivyokuwa." Anajua, mwanangu! Anajua tangu Julai! Mtu anayetaka kufuta kanda huifuta siku hiyo hiyo, haiti mkutano na kutangaza kwamba ataifuta baada ya miezi mitatu. Miezi ile amekupa wewe, na wewe umeitumia kutoka mbio.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda nyumbani kwake mchana, si sakristia, na ukipata nafasi umlete bibi yako kutoka Mbingu, maana mbele ya mtu mzima mwenzake Mwalimu hatapandisha sauti. Shikamoo kwanza, kisha sentensi moja tu: "Mwalimu, ni mimi, na nilimdanganya Teofili." Usianze na yule dada wa mbu, usianze na Ulaya, usilie. Ukishasema hivyo ndipo umwonyeshe ile barua ya posta, umwombe muda wa kwenda kibandani kunakili wimbo kabla ya Septemba kwisha. Teofili naye umwombe radhi kivyake, na kwa mikono miwili.

Akikunyima kinanda kwa mwezi au miwili, kubali, umestahili. Usiniambie hujui utakuwa nani. Utakuwa yule yule aliyecheza juu ya dungu mpaka nguzo zikalia, na pale hukuwa na kinanda, ulikuwa na debe na bibi. Na adhabu ikiisha, mtungie Mwalimu wimbo wa mavuno wenye debe hilo hilo, upigwe kwenye upande A, kwa kuwa Malinyi wameshakuonyesha wanataka nini. Kanda mbili tupu nimeshazituma kwa basi linalopitia Mikumi na Kidatu, kwa jina la kwaya. Utaratibu wa kujaza pande zote ni mzuri, lakini hauna sababu ya kummeza bibi wa watu.

Na kabla hujabandika stempu, andika kwenye lebo jina kamili la bibi yako, juu ya lako. Wewe ulibonyeza. Yeye alipiga debe, aliimba, na alilipia kona nzima ya mpunga.

Jambo la mwisho. Umeniomba nifiche jina lako na nimelificha, lakini hebu tuambiane ukweli. Kuna kwaya ngapi Ifakara ambazo kanda yao ilijigeuza yenyewe Malinyi? Umeniandikia mimi, huku ukijua kabisa ni nani huanza na ukurasa huu kabla ya siasa. Mdomo umekataa kusema, mkono ukaandika. Basi umeshakiri, mwanangu, bado kuvaa viatu. Leo ni Jumanne, gazeti limefika Ifakara, na mnalisoma saa hii hii nyote wawili. Likunje, uende.

Nawe Mwalimu, kama umefika mstari huu, tandika mkeka na utafute redio yenye betri nzima. Yuko njiani.