Nambari Nne Hayumo

Dada yangu mpenzi,

Hujambo huko? Vipi miguu, bado inakuvimba kwa kusimama wodini kutwa nzima? Mama amenituma nikuulize kama unakula vizuri, na amesema hataki jibu la "ndiyo" tupu, uandike umekula nini. Sisi huku hatujambo. Baba hajambo, Mama hajambo, na mdogo wetu Kasuku hajambo, mdomo wake haujapumzika tangu uondoke. Bibi naye hajambo, ila leo ni siku ya tatu amekataa kutoka ndani ya gari.

Najua utashtuka, kwa hiyo nianze mwanzo.

Gari hilo hujaliona, maana ulianza kazi wiki mbili kabla Baba hajalinunua. Ni lile la viti vinane, la rangi ya chai iliyozidi maziwa, lenye mlango wa ubavuni wa kusukuma. Mlango wenyewe haufunguki bila kuinuliwa kwa goti huku ukivutwa kwa mikono miwili. Baba, kama unavyomjua fundi seremala yule, haoni tofauti kati ya gari na kabati, hivyo kila Jumapili hulisugua kwa ile nta ya karakana mpaka viti vinateleza. Bibi amelipa jina la Sebule. Anasema viti vingi namna hiyo, na watu kukaa tu wakipiga soga, hiyo ni sebule, hata ikiota magurudumu.

Tangu Sebule ije, hakuna mtu wa nyumba hii anayekwenda mahali peke yake. Mama akienda kununua vitunguu, tunakwenda sote. Kasuku aling'olewa jino mbele ya ukoo mzima. Hata watu wa njiani hudhani tunabeba abiria. Siku moja tulisimama njia panda, mama mmoja akapanda na kikapu chake, akatusalimu vizuri, na Bibi akasogea ili apate nafasi. Baba alipohesabu watu, yule mama akaitika "Sita!" bila wasiwasi, na safari ikaendelea.

Hiyo hesabu lazima nikueleze. Katika safari ya kwanza kabisa tulimsahau Bibi kliniki. Tulifika nyumbani, tukanawa, tukakaa kula, ndipo Mama akauliza mbona leo hakuna anayelalamika kuhusu chumvi. Tangu hapo Baba haondoi gari mpaka ahesabu. Bibi ni moja, Mama mbili, wewe tatu, mimi nne, Kasuku tano. Ndiyo, Dada, bado una nambari yako. Baba akiita tatu tunaitika sote kwamba yuko kazini, na kiti chako nyuma ya Mama hakikaliwi na mtu.

Sasa unajua sauti yangu ilivyo. Nikisema "nne", hata mimi sijisikii. Baba alikuwa anaita mara tatu, mara nne, mpaka Kasuku akachoka kungoja, akaanza kuniitikia. Miezi yote hii yeye ndiye nne na yeye ndiye tano, na mimi nilishukuru kimoyomoyo.

Jumanne iliyopita ilikuwa siku yangu ya usaili. Shangazi amenitafutia kazi ya mapokezi katika ofisi yao ya bima. Aliniambia kwa furaha kwamba meza yenyewe inatazama mlango, na kwamba kazi ni nyepesi, ni kumwamkia kila anayeingia na kupokea simu yenye vitufe kumi na viwili. Usiku ule niliota vitufe. Asubuhi tukaondoka sote, Bibi akiwa na mto wake, Mama akinikumbusha kila kona nitabasamu, na Kasuku akijifanya meneja na kuniuliza uzoefu wangu.

Tulisimama kituo cha mafuta kujaza upepo tairi la nyuma. Nikashuka kwenda msalani. Gari likaondoka bila mimi.

Kilichotokea huko mbele nimesimuliwa na Kasuku, kwa hiyo punguza nusu. Anasema Shangazi alikuwa amesimama nje ya ofisi pamoja na meneja wake. Baba akashuka, akarekebisha kola, akauinua mlango kwa goti na kuuvuta kwa madaha kama anayefungua pazia la harusi. Akatoka Bibi, amekumbatia mto. Meneja, mtu wa adabu zake, akamsalimu na kuuliza kama huyu ndiye msichana anayetafuta kazi. Bibi akajibu kwamba kazi yoyote ya kukaa ataipokea.

Walirudi mbio. Baba alinikuta nimekaa kwenye benchi la fundi wa tairi wa pale kituoni, akanishika mabega. Dada, Baba alilia. Hakulia kwa sauti, lakini alilia. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kifuani kama mfupa. Alisema amezoea kimya changu mpaka akakisahau na mimi nikiwa ndani yake.

Tangu siku hiyo hapigi mluzi karakana. Asubuhi ananichemshia yai yeye mwenyewe, halafu anakaa kunitazama nikilila. Na amesema gari linalomfanya mtu amsahau mwanawe halifai nyumbani kwake. Amepata mnunuzi, mwoka mikate, anayekuja leo Jumamosi saa tano. Mwoka mikate hataki viti. Ataving'oa vyote apange kreti. Bibi aliposikia hivyo akachukua mto, akaingia Sebule na kuufunga ule mlango wa ubavuni kwa ndani. Chakula tunampelekea dirishani, na bado chumvi haimridhishi.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu kwa mdomo.

Sikusahauliwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bomba la maji, hatua kumi tu kutoka garini. Nilimsikia Baba akiita nne, nikamsikia Kasuku akiitika. Mlango ulikuwa bado wazi. Neno moja tu lilitosha, hata kupunga mkono kungetosha. Nikanyamaza. Nililitazama gari likiondoka, nikaona moyo umekuwa mwepesi kama niliyetua mzigo, nikanunua biskuti. Yule fundi wa tairi alikuwa anakalia kiti kilichopasuka, nikamwomba sindano ya gunia, nikamshonea.

Ndivyo nilivyofanya hata na viti vya Sebule. Vilipokuja vimechanika, Baba alidhani Mama amevitengeneza, Mama alidhani ni Baba. Ni mimi, kwa mabaki ya kitambaa cha makochi, kila walipokaa kupiga soga kwenye sebule ya kweli. Hicho ndicho ninachotaka, Dada. Baba hupeleka makochi yake yashonwe kwa watu wa nje, na mishono yao inaachia kabla ya mwaka. Mimi nataka kukaa karakana na kuvisha viti. Nilishindwa kusema, kwa sababu Baba husema hakunisomesha nije kula vumbi la mbao.

Jana nilimwandikia haya yote, nikaiweka karatasi kwenye kile kibao cha kuzuia jua mbele ya kiti cha dereva. Nimemsikia sasa hivi akiingia kuwasha gari ili mwoka mikate alikute likiwa na moto. Injini iliwaka. Halafu ikazimwa. Ngoja kidogo, Dada.

Nimerudi. Naandika mbio, unisamehe mwandiko.

Nilimwona Baba akiisoma ile karatasi mpaka mwisho. Kisha nikamsikia akiita moja, na Bibi akamjibu kwamba yuko hapo tangu Alhamisi. Akaita mbili, Mama akaitika kutoka jikoni. Akaita tatu, Kasuku akasema yuko kazini. Akaita nne. Kasuku akafungua mdomo, na Baba akamwambia afunge. Akangoja. Ua wote ukangoja. Nikasimama, nikafungua dirisha, nikapiga kelele "Nne!" mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Bibi akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila hakujua kama mshindo wenyewe ni wa ukubwa huo.

Mwoka mikate atatafuta gari jingine. Jumatatu natakiwa karakana saa moja, na Baba amesema fundi wake hapewi yai la kuchemshiwa. Ila kwanza, leo hii, niende kwa Shangazi nimwombe radhi, kwa mdomo na si kwa barua. Tunakwenda sote, bila shaka. Wameshakaa, honi inalia, na Bibi anauliza kama ile kazi ya kukaa bado ipo.

Pokea salamu za kila kiti, pamoja na chako kinachokungoja. Nami nakusalimu kwa sauti kubwa.

Mdogo wako akupendaye,
Nne